Msomaji wa Chumba cha Mbele

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili vilivyofuatana kama mabehewa, cha mbele kinatazama barabara, cha nyuma kinatazama kamba ya kuanikia nguo. Katikati palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, ukuta kwa jina tu. Mtu akipiga chafya mbele, nyuma anaambiwa afya. Mlango haukuwapo, palikuwa na pazia la maua, na maua yenyewe yalikwisha nyauka kwa kufuliwa.

Chumba cha mbele kilikuwa cha kinyozi. Cha nyuma kilikuwa cha mkewe na mashine yake ya kufumia, dude refu lenye sindano zilizojipanga kama meno ya chanuo, na juu yake kigari alichokivuta kulia na kushoto, kra, kra, tangu asubuhi mpaka mgongo useme basi. Alifuma sweta za shule. Za kijani kwa shule ya juu, za damu ya mzee kwa shule ya chini. Watoto wote wa mtaa walikimbia wamevaa kazi ya mikono yake, na yeye aliwajua kwa migongo na viwiko kuliko kwa sura.

Kinyozi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: fasihi. Alisoma jarida moja, jembamba, lililotoka mara nne kwa mwaka ikiwa mhariri yu mzima na mtambo wa kuchapia haujagoma. Lilikuwa na hadithi, mashairi, picha ya mhariri ameshika kidevu, na mwishoni kurasa mbili zilizoitwa "Wasomaji Wanasema". Kusema la haki, hizo ndizo zilizosomwa kwanza na kila mtu, waandishi wenyewe wakiwa mstari wa mbele. Humo walikutana wasomaji wa kila aina. Mmoja alijiita Mpenda Maadili, kazi yake kuuliza kila hadithi inatufunza nini. Mwingine alihesabu mwandishi ametumia neno "ghafla" mara ngapi. Mwingine hakuwahi kusoma chochote. Aliandika kuwasalimu wasomaji wenzake na kutafuta rafiki wa kalamu, mwenye picha atapewa kipaumbele. Na juu yao wote, kama jogoo juu ya paa, alisimama Wembe.

Wembe ndiye kinyozi. Hakuwa na simile. Mshairi mmoja aliambiwa kwamba vina vyake ni vizuri, kasoro ni yale maneno yanayovitangulia. Mwandishi wa hadithi ya mapenzi aliambiwa kuwa wapenzi wake wanaongea kama tangazo la ng'ombe aliyepotea. Inasemekana huyo aliacha kuandika akafungua duka la rangi, na rangi zake ni nzuri sana.

Jarida likifika, kunyolewa kuligeuka adhabu. Mteja amefungwa shuka shingoni, kichwa nusu, hana pa kukimbilia. Wembe anasimama mbele ya kioo, mashine mkono huu, jarida mkono ule, anasoma barua yake mwenyewe kwa sauti ya mtangazaji, akisita mahali pa kuchekwa. Mteja anacheka. Mwenye mashine ni Wembe.

Mkewe alizisikia zote, nyuma ya mbao. Alimwita mumewe Fundi, kama wateja walivyomwita. Yeye naye alimwita Bibie. Zamani waliitana kwa jina la mtoto, kama watu wote.

Mtoto alikuwa mmoja, wa kike, na mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akila, akioga, akisinzia. Baba yake alikuwa akimkalisha juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti cha kunyolea, na kutoka huko juu aliwahoji wateja kuhusu upara wao. Kisha homa ikaja. Watu wakasema ni homa za watoto hizi, na kabla wiki haijaisha mlango wa nyumba ulikuwa umejaa viatu vya watu wengine.

Walimzika mchana. Kesho yake asubuhi wanawake walikuwa bado wamekaa chini chumba cha nyuma, wamemzunguka mama, mara mbele kikasikika kitu kinanguruma. Wakatazamana.

"Ni nini hicho?" akauliza shangazi yake.

"Mashine," akasema mama. "Fundi amefungua."

Ilinguruma kutwa. Kila iliponyamaza alidhani sasa ataingia, atapenya kati ya wanawake wale na kukaa. Kumbe ilinyamaza kwa muda wa kukung'uta shuka tu, halafu mwingine anakaa kitini, inaanza tena.

Huu ulikuwa mwaka wa sita, na jambo hilo hawakuwahi kulizungumza. Si kwamba mke hakujaribu. Alijaribu wakila, alijaribu akimkunjia mashati. "Fundi, siku ile..." "Bibie, tuyaache hayo," na redio inafunguliwa. Mtu aliyeweza kujaza ukurasa mzima kuhusu majonzi ya mhusika wa kubuni, nyumbani kwake hakuwa na hata nusu sentensi. Wala mke hakutaka makubwa. Alitaka mumewe aseme kwa kinywa chake kwamba mtoto wao alikufa, na aseme roho yake ilikuwa wapi siku ile, maana mwili wake kila mtu alijua ulikuwa dukani.

Wazo lilimjia akiwa kwenye kola ya sweta. Fundi hasikii kinachosemwa, alijiambia, ila hakijachapishwa kitu kwenye lile jarida asikisome mara mbili. Basi na mimi nitachapishwa.

Aliandika kwa wiki nyingi, kipande kipande, wakati mbele wateja wamejaa. Dada yake, aliyekuwa akiuza nyuzi na vifungo sokoni, ndiye aliyekuwa na sanduku la posta.

"Hebu nielewe," dada alisema, akiipima bahasha kiganjani. "Mumeo yuko chumba cha pili. Wewe unamwandikia, inakwenda mpaka kwa mhariri, inachapwa, inarudi, ndiyo aisome?"

"Ndiyo, dada."

"Na ukuta wenyewe wa mbao?"

"Ndiyo."

"Si umgongee tu! Kugonga ni bure."

"Nimegonga mpaka vidole vimechubuka."

Dada akaacha kucheka, akabandika stempu.

Hadithi iliitwa "Randa". Baba ndani yake alikuwa seremala na mtoto alikuwa wa kiume, kwa sababu mke hakutaka mumewe avuliwe nguo mbele ya watu; alitaka ajione yeye peke yake, kimya kimya. Mengine yote aliyaacha yalivyo. Kifo, mazishi, wanawake waliokaa chini, na asubuhi yake randa inayolia ng'ambo ya ukuta, ikipara ubao kutwa nzima, na mama anayesikiliza ikinyamaza na kuanza. Akatia sahihi: Mfumaji. Akaona hata kipofu angejua.

Jarida likaja. Fundi aliketi kwenye kiti chake mwenyewe cha kazi, akalisoma. Nyuma, mke alishika kigari asikivute. Alisikia ukurasa ukigeuzwa. Akasikia mwingine. Moyo ulimwenda mbio hata akaona haya, mtu mzima, kumngoja mume wa miaka yote hii kama msichana anayengoja posa.

"Bibie!" Fundi aliita. "Njoo usikie maajabu!"

Akaja, akasimama penye pazia.

"Kuna mtu huku anajiita Mfumaji. Hawa waandishi wa siku hizi, mmoja mfumaji, mmoja mhunzi, mmoja mfinyanzi, na hapo walipo hata kifungo hawajui kushona!" Akampiga jicho mkewe ili wacheke pamoja. "Wewe unayefuma kweli mbona hujitangazi?"

"Hadithi yenyewe inasemaje?" mke aliuliza.

"Upuuzi mtupu. Seremala kafiwa, kesho yake anafungua karakana. Umewahi kuona wapi?"

Mke alimtazama usoni, akitafuta walau mtikisiko wa kope. Hakuna. Palikuwa na furaha ya mtu aliyepata kazi.

Barua ilikuwa tayari jioni hiyo hiyo. Kawaida yake ilikuwa kumsomea mkewe kabla ya kuifunga, naye mkewe afume polepole ili asiharibu vituo. Akaketi juu ya marobota ya uzi, akasafisha koo.

"Mhariri," alisoma, "kati ya uongo wote niliowahi kuusoma katika jarida lako, huu wa seremala unachukua kombe. Mwandishi hamjui baba. Baba aliyefiwa na mtoto hawezi kushika randa. Hawezi kushika hata kikombe. Ukimpa chai itamwagika, na akiona imemwagika atasahau ni ya nani. Ataulizwa jina lake na hatajua. Atakisikia kicheko cha mtoto wa jirani na atatoka nje kuangalia kama ni yeye. Huyo ndiye baba, ndugu Mfumaji. Huyu wako umemchonga mwenyewe kwa mbao. Namshauri mwandishi huyu jambo moja: afiwe kwanza, ndipo aandike. Ni mimi, Wembe."

Kigari kilikuwa kimesimama katikati ya mstari.

"Nimemkata maini?" Fundi aliuliza.

"Umemkata."

"Sijazidisha?"

"Pale pa kufiwa," mke alisema, "labda ungepaacha."

"Aa! Pale ndipo penyewe, Bibie. Ukipatoa pale barua inabaki chai bila sukari." Akailamba bahasha. "Kesho ukienda kwa dada yako, niwekee posta."

Asubuhi aliibeba ndani ya kikapu, juu ya sweta za damu ya mzee. Angeweza kuichana. Njiani alipita penye shimo la takataka na mkono ukaenda wenyewe kikapuni. Lakini kulikuwa na kikombe kile kinachomwagika. Kulikuwa na yule baba anayetoka nje kukifuata kicheko. Wapi Fundi aliyaokota hayo? Katika hadithi yake yeye hayakuwamo. Siku ile ya mazishi alimwona mumewe amesimama penye ngazi ya nje, shingo imenyooka kuelekea kwa jirani, akadhani anatafuta chombo cha maji. Kama anayajua, aliwaza, basi yumo humo ndani mahali fulani, na akiyaona yamechapwa huenda akashtuka. Akaisukuma bahasha kwenye mdomo wa sanduku na kusimama pale mpaka mtu wa nyuma yake akamwambia, "Mama, imeshaingia."

Mhariri aliipenda mno. Wahariri wanapenda ugomvi kuliko fasihi, maana fasihi haimfanyi msomaji angoje toleo lijalo. Haukupita muda dada akaja na nakala ya ile barua pamoja na ujumbe: Mfumaji anapewa nafasi ya kumjibu Wembe, barua zote mbili zitachapwa ukurasa mmoja, tafadhali usibanie makali.

Dada aliisoma amesimama. Alipofika mwisho akakaa. "Afiwe kwanza," alisema. "Mwanaume huyu ana wazimu?"

"Hakujijua, dada."

"Sasa utamjibu nini?"

"Safari hii sitamficha ndani ya seremala."

"Atasoma mbele ya wateja, unamjua."

"Namjua."

"Itamvunja."

Mke alikuwa akikunja mikono ya sweta, mmoja baada ya mwingine. "Mimi nilivunjika mbele ya wanawake kumi na shangazi," alisema. "Sikufa."

Jarida lilipokuja, kitini alikuwapo Msoma Mita. Huyu alikuwa mtu wa idara ya maji, aliyehamishiwa mtaani hapo hivi karibuni, mpole, mwenye kawaida ya kusoma kilichoandikwa na kukiandika vilevile kilivyo, sifa ambayo kwa msomaji ni nadra. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imekwisha kunyolewa, nusu bado msitu.

"Una bahati, bwana," Fundi alimwambia. "Leo utamsikia mtu akichunwa."

Nyuma, kigari kilikuwa kimya. Mke alikuwa ameketi, mikono mapajani.

Fundi alisoma kwanza barua yake, vituo vyote mahali pake. Msoma Mita akacheka panapotakiwa. "Sasa sikia anavyojitetea," Fundi alisema, akaongeza sauti.

"Kwa ndugu Wembe. Ahsante kwa kunisoma. Umenishauri nifiwe kwanza. Nilifiwa. Mtoto wangu alikuwa wa kike, na hakukuwa na hodari wa kumshinda kwa kuongea. Baba yake si seremala. Kesho yake ya mazishi alifungua... alifungua duka, nami nikaisikia mashine yake ikinguruma kupitia ukuta wa mbao..."

Sauti ilishuka, kama mtu anayeteremka ngazi gizani na hajui zimebaki ngapi.

"Endelea, Fundi," alisema Msoma Mita. "Ndiyo kwanza inanoga."

Fundi aliendelea, ila sasa hakuwa anamsomea mtu. "Unasema baba wa namna hiyo hayupo. Laiti ingekuwa kweli. Yupo, nampikia kila siku, na kila siku nangoja aniambie alikwenda wapi. Ni mimi, Mfumaji."

Mke alikuwa amejiandaa kwa makelele, amejiandaa kwa redio. Akasikia mashine ikiwekwa mezani, kisha pazia likasogezwa.

Fundi alisimama hapo ameshika jarida kwa mikono miwili, kidole bado kwenye mstari. Nywele za Msoma Mita zilikuwa zimemganda mikononi.

"Kwa nini seremala?" aliuliza. Hilo ndilo lililotoka kwanza. Mhakiki hafi kirahisi.

"Nilikuonea haya."

"Nilisoma mara mbili, Bibie."

"Najua. Nilikuwa nahesabu kurasa."

Akatazama marobota ya uzi, akatazama dirisha, mahali popote palipo na pa kutazama. Mkewe hakumsaidia. Mwishowe alisema, chini chini, kama anayeogopa mbao zisimsikie:

"Nilifungua ili nipate hewa. Nikasema nitafagia tu. Akaingia mtu, mpita njia, sijui hata alitoka wapi. Hakuwa amesikia. Akauona ule ubao kitini, akaniuliza, 'Una mtoto, fundi?' Nikamwambia ninaye. Akauliza, 'Msumbufu?' Nikamwambia, usiseme, anaongea mpaka kwenye usingizi. Tukacheka. Nikamweleza alivyomuuliza mzee mmoja nywele zake amezisahau wapi. Muda wote niliokuwa namnyoa, Chiriku alikuwa hai. Alipoondoka nikamngoja mwingine asiyejua."

"Kutwa?"

"Wanaojua walikuwa wananipa pole. Hao niliwanyoa haraka."

Mke aliyapokea maneno yale. Aliyangoja miaka sita, na katika kuyangoja alikuwa ameyakuza, ameyapa joto na mikono. Yalipofika yalikuwa ya mtu aliyekimbia, basi. Akahisi huruma, na chini ya huruma akakuta hasira iko palepale, haijapungua hata uzi mmoja.

"Na mimi?" aliuliza.

Fundi alimtazama. "Wewe ulikuwa unajua."

"Ungeniita. Ningekaa na mimi nikamdanganya huyo mtu."

"Usingeweza."

"Hukuniuliza, Fundi. Ukamchukua mtoto ukaenda naye mbele ukiwa na wageni, mimi ukaniachia maiti."

Aliyekuwa na jibu kwa washairi wote wa nchi alisimama amefungua mdomo, jarida likiteremka taratibu kando ya paja lake.

"Fundi!" Msoma Mita aliita kutoka mbele, kwa adabu. "Huku upande mmoja bado."

Fundi akashtuka, mguu ukageuka wenyewe kuelekea kazini. Mkewe aliuona ule mguu. Akainuka, akampita, akasogeza pazia.

"Duka limefungwa," alimwambia Msoma Mita.

"Limefungwa nami nikiwa ndani?"

"Samahani, kaka. Tumefiwa."

Msoma Mita alisimama upesi, shuka likamning'inia shingoni, nusu ya kichwa inang'aa. "Jamani! Poleni sana, mama. Mbona fundi alikuwa akinisomea hapa, hakusema neno! Ni nani?"

"Mtoto wetu."

"Lo! Lini?"

Mke alifungua kinywa kujibu, akakifunga. Miaka yote hii ni yeye aliyewajibu watu, sokoni, shuleni akipeleka sweta, barabarani. Akasogea pembeni, pazia likabaki wazi na Fundi katikati yake.

"Huyo hajui," alimwambia mumewe. "Mgeni hapa. Mwambie."

Fundi alimtazama Msoma Mita. Kila kitu kilikuwa tayari kama asubuhi ile: uso mwema, masikio yasiyo na habari. Angeweza kumwambia lolote. Mdomo ulianza kuunda kitu, akauzuia, akaanza upya.

"Mwanangu alikufa," alisema. "Alikuwa wa kike. Alikufa zamani."

Ilikuwa sentensi kavu, isiyo na pambo, ambayo Wembe angeichinja bila huruma. Kisha akashika ukingo wa kiti, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtangazaji wala ya kinyozi. Msoma Mita, ambaye katika kazi yake hakuwahi kufundishwa la kufanya hapo, aliketi kwenye benchi la wateja na shuka lake shingoni, akakaa kama mtu akaavyo msibani. Baada ya kitambo mke naye aliketi. Hakuketi karibu na mumewe. Aliketi benchini, upande wa pili wa mgeni, wakamsikiliza Fundi.